Kapelo Juu ya Ushungi

Hebu jiulize, mpenzi msomaji: hiyo kapelo yenye herufi N na Y zilizopandiana, uliyoinunua pale Mtaa wa Congo kwa kubembeleza bei, unajua ni ya nini? Wengi tunaivaa tukidhani ni nembo ya jiji la New York, au ya mwanamuziki fulani. Ni ya timu ya besiboli, New York Yankees. Ile yenye L na A ni ya Los Angeles Dodgers. Yaani Dar nzima imevaa besiboli kichwani miaka nenda rudi, lakini muulize mtu mchezo wenyewe unachezwaje, atakutazama kama umemuuliza nauli ya kwenda mwezini.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipoolewa.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi zetu ziko Posta. Mume wangu anauza kava, chaja na vioo vya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Wenye waume Kariakoo mtanielewa. Jumatatu mpaka Jumamosi anatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anarudi saa mbili usiku, sauti imekauka kwa kujibishana na wateja na miguu imevimba. Jumapili maduka mengi yanafungwa, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo mke anaweza kusema ana mume.

Sasa bibi harusi wa wiki tatu, Jumapili ya alfajiri, unamwona mwenzio anavuta begi kutoka uvunguni, anavaa raba, anataka kutoka. Ningekuwa na roho nyepesi ningesema tayari, nyumba ndogo hiyo! Nikamuuliza unaenda wapi. Akasema kuna mchezo Upanga. Nikamwambia basi ningoje nivae, twende wote.

Ndani ya begi kulikuwa na glavu ya ngozi kubwa kama sinia, imechakaa, imeandikwa Kijapani kwa kalamu ya wino. Mtoto fulani wa Japani aliivaa mpaka mkono ukamzidi, ikatumwa Tanzania kama msaada, ikamwangukia mume wangu akiwa kidato cha tatu.

Ilikuwaje Wajapani wakaleta mchezo wa Wamarekani Upanga? Mwaka 2012 alihamia Dar es Salaam mfanyakazi wa shirika la misaada la JICA, Shinya Tomonari. Huyu bwana kabla ya hapo aliwahi kuishi Ghana na kuifundisha timu ya taifa ya besiboli ya nchi ile. Kuja kwake ndiko kulikoanzisha besiboli kwenye sekondari zetu, Azania ikiwa mojawapo ya za mwanzo. Mume wangu alisoma Azania. Anasema siku ya kwanza walidhani ni kriketi, mchezo ambao watoto wa Upanga wanaujua kwa kuwatazama ndugu zetu wenye asili ya Kiasia. Wakaambiwa hapana, huku ukishapiga unakimbia kuzunguka, hurudi ulikotoka kwa njia ile ile.

Mashindano ya taifa ya shule wakayaita Tanzania Koshien. Koshien ni uwanja ulioko Nishinomiya, Japani, uliofunguliwa mwaka 1924, na ndipo yanapochezwa mashindano ya sekondari ambayo Wajapani wanayaandaa tangu 1915. Taifa zima linasimama kuangalia watoto wa shule! Timu ikitolewa, vijana wanapiga magoti, wanazoa udongo wa uwanja kwenye vifuko wanaenda nao nyumbani, machozi yanawatoka. Hapa kwetu, mwaka 2018, ulifunguliwa uwanja wa besiboli pale pale Azania kwa msaada wa Japani. Ukitoka Kariakoo ukavuka Barabara ya Umoja wa Mataifa, hata jasho halijakutoka umefika.

Kabla ya mchezo wanapanga mistari miwili, wanainamisha vichwa, wanasalimiana. Baada ya mchezo hivyo hivyo, na uwanja wenyewe unasalimiwa. Walimu wao waliwafundisha maneno matatu: nidhamu, heshima, haki. Mimi nilichukua hapo hapo. Mwanaume anayeweza kuuinamia uwanja asije akaniambia mgongo unauma nikimwomba ainame afue jezi yake. Anafua mwenyewe hadi leo.

Sasa kwa nini mimi niliingia uwanjani badala ya kubaki pembeni na chupa ya maji kama wake wengine? Nitakwambia ukweli: kwa sababu ya soka.

Kwetu sisi ni Simba. Babu yangu alikuwa mwanachama tangu klabu inaitwa Sunderland, kabla ya kubadilishwa jina mwaka 1971. Kwa mume wangu ni Yanga wa kuzaliwa, nyumba yao ya zamani ilikuwa karibu na Jangwani. Siku ya mechi ya watani, nyumbani kwetu hapazungumzwi. Na hata ingekuwa sote ni timu moja, mimi kwenye soka nimelelewa kuwa mtazamaji. Kaka zangu wanajua historia, wanajua mfumo, wanajua kila kitu. Mimi nikitia neno naambiwa, "Dada, lete chai."

Kwenye besiboli hakuna shemeji wala mjomba wa kuniambia nilete chai, kwa sababu hakuna anayejua! Huo ndio uzuri wa mchezo mgeni. Siku ile ya kwanza walipungukiwa mtu mmoja. Wakaniuliza naweza kurusha mpira? Jamani, mimi niliyekua Ilala nikicheza rede kila jioni, mmoja anajaza mchanga kwenye chupa katikati na wewe unamlenga mgongo? Nilirusha. Mume wangu akapiga mluzi.

Maelezo yake aliyonipa siku ile bado ndiyo bora kuliko yote niliyoyasikia baadaye. "Fikiria daladala," akasema. Unaanzia nyumbani. Kuna vituo vitatu. Ukipiga mpira unakimbilia kituo cha kwanza, ukigusa umesalimika. Mwenzio akipiga unasogea cha pili, halafu cha tatu, halafu unarudi nyumbani, hapo ndipo timu inapata pointi. Ukikamatwa njiani na mpira, umetoka. Wakitoka watatu, zamu inahamia kwa wengine. Kwenye besiboli kutoka kituo hadi kituo ni kama mita 27, kwenye softiboli ambayo wasichana wengi wanacheza ni kama mita 18, na mrushaji wa softiboli anarusha mkono ukitokea chini, si juu ya bega. Na usidanganywe na jina. Mpira wa softiboli ni mkubwa zaidi, lakini ulaini hauna.

Ugumu huo niliujua mkononi. Mpira ulinigonga juu ya kiwiko, Jumatatu nikaenda kazini na alama ya zambarau saizi ya andazi. Nikaona wenzangu wananong'ona. Mchana dada mmoja wa mapokezi akanivuta msalani, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, usikae kimya. Leo mkono, kesho jicho." Nikamweleza kuhusu kituo cha kwanza na mpira uliopotea njia. Akanitazama kwa huruma kubwa zaidi. Kwa kweli nilicheka, lakini nilivyokaa mezani kwangu nikawaza, yule dada alifanya jambo ambalo wengi hawafanyi. Tangu siku hiyo namheshimu sana. Na aliamini kabisa kisa changu siku alipokuja kuona kwa macho.

Nacheza kituo cha kwanza. Kwenye kitabu cha kuandikia matokeo kila nafasi ina namba: mrushaji 1, mdakaji 2, kituo cha kwanza 3, mpaka 9 aliye mbali kulia. Mpira ukipigwa kwa namba 6 naye akanirushia mimi, unaandika 6-3, mtu katoka. Wenye taaluma yangu watanielewa nikisema nilikipenda kile kitabu kabla ya mchezo wenyewe. Kila tukio lina mahali pake. Kuna safu ya pointi, safu ya mipigo, na kuna safu ya makosa, inaandikwa wazi wazi, namba fulani kaangusha mpira, mbele za watu. Hesabu zikipishana unarudi nyuma unatafuta. Mimi ndiye mwandishi wa kikundi chetu, na nikiwa uwanjani ananishikia mwingine, nikirudi nakagua.

Mume wangu alipenda kuniambia kwamba mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika mara 10 huko Marekani anahesabiwa nyota. Mara saba anashindwa, na analipwa mamilioni ya dola! Mwanzoni nilikuwa naufurahia mfano huo. Mwaka wa pili wa ndoa ulipopita bila ujauzito, akanirudia tena kitandani na hiyo tatu katika kumi. Nikamwambia mume wangu, nakupenda, lakini leo naomba usinifanye takwimu.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe.

Mama mkwe wangu si mkorofi, sitaki mumfikirie hivyo. Ni mama wa Kariakoo wa zamani, aliyezaliwa Mtaa wa Sikukuu enzi za nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na uani. Siku hizi familia imempa mwekezaji kiwanja, wakapewa fleti mbili kwenye ghorofa lililojengwa, naye anakaa ghorofa ya nne akilaumu ngazi. Kila Jumapili mchana tunakula kwake. Tulikuwa tunafika tukitokea uwanjani, mimi na traksuti, ushungi, na kapelo juu ya ushungi kwa ajili ya jua. Alivumilia mwaka mzima. Kisha siku moja tukakuta wifi zangu wawili wapo, na mama mkubwa katoka Bagamoyo. Ukikuta mama mkubwa katoka Bagamoyo bila msiba, jua kuna kikao.

Wali ukaliwa. Vyombo vikatolewa. Mama mkubwa akaanza kwa mbali sana, kama ilivyo desturi, akapitia afya za wote, bei ya mchele, akafika kwangu. "Mwanangu, sisi hatukukatazi raha zako. Ila mwanamke anayetafuta mtoto hakimbiikimbii. Mfuko unalegea. Kuruka, kujinyoosha, jua la saa tano... mwili utashika nini?" Wifi mkubwa akaongeza kwamba watu wanasema. Watu gani, hakutaja.

Unajua ile hali ya kukaa mkekani huku wanawake watatu unaowaheshimu wanaliongelea tumbo lako kama gari bovu? Niliangalia chini. Nilikuwa na majibu kichwani, mengi tu, ila kila moja lilikuwa na ukali ambao ningekuja kuulipia. Nikamngoja mume wangu. Akakaa kimya. Kimya chake kilikuwa kirefu mpaka nikaanza kuhesabu ndoo zilizopangwa kwenye baraza.

Halafu akasema, taratibu, bila kunyanyua macho: "Mama, na mimi nakimbia. Nakimbia kuliko yeye. Mbona mimi hamniulizi?"

Hakuna aliyejibu. Mama mkubwa akatafuta mtandio wake.

Labda kwenu hili ni dogo. Kwetu mwanaume kusema vile mbele ya mama yake na dada zake, kwamba huenda tatizo ni lake, ni kama kuvua nguo sokoni. Njiani kurudi nyumbani hatukuongea. Tulipofika akaniambia wiki hiyo ataomba mtu amshikie duka, tuende hospitali wote wawili, na yeye ndiye ataanza kupimwa.

Niliyoyasikia kwa daktari natamani yangebandikwa kwenye kila ngazi ya ghorofa Kariakoo. Mazoezi ya kawaida hayazuii mimba. Kinachoweza kuvuruga mzunguko wa mwanamke ni mazoezi ya kupindukia pamoja na kula kidogo, na mimi na pilau la mama mkwe hatuna tatizo hilo. Wanandoa wanashauriwa kwenda kupimwa kama mwaka mzima umepita wakijaribu bila kinga, na mapema zaidi kama mwanamke amefikisha miaka 35. Karibu nusu ya wanandoa wenye shida hii, mwanaume naye anahusika, peke yake au pamoja na mkewe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa taarifa kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hukumbana na tatizo hili wakati fulani maishani. Mmoja kati ya sita! Hesabu kwenye daladala uliyopanda leo.

Na kipimo cha mwanaume ndicho rahisi na cha bei nafuu kuliko vingi anavyopitishwa mwanamke, lakini tazama nani hutangulia kupimwa. Dada zangu wangapi wameshazunguka kwa madaktari na kwa waganga miaka mitano, waume zao hawajawahi kukanyaga hata mapokezi?

Majibu yetu sitayaandika. Mengine si yangu kuyatoa, na mwenzangu amesoma makala hii na kuniruhusu mpaka hapa tu. Tuko kwenye matibabu, yanaendelea, yanakula pesa. Pesa ya kiwanja tuliyokuwa tunaweka imehamia huko.

Kikundi chetu sasa kinaongelea kujisajili kuwa klabu rasmi kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Inatakiwa katiba, viongozi, ada. Kuna anayesema tusubiri mfadhili. Mimi napinga! Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 hazikusubiri mfadhili kutoka nje, zilianzishwa na vijana wa mitaa hii hii. Hata Ujerumani, ambako soka ndilo linalotawala kama kwetu, besiboli inaendeshwa na klabu za wanachama wanaolipa ada, wazazi wakijitolea. Humo humo alipita Max Kepler, mzaliwa wa Berlin, ambaye mwaka 2015 alicheza mechi yake ya kwanza kwenye ligi kuu ya Marekani. Na kama Ujerumani ni mbali, basi tazama Uganda. Mwaka 2011 watoto wao walifuzu kwenda fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza kwa sababu ya vyeti vya kuzaliwa. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikaenda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko. Mwaka 2022 Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, wakasaini na Dodgers. Ndiyo, hao hao wa kapelo ya LA.

Wasio na glavu tunawaanzisha na Baseball5. Huu ni mchezo uliozinduliwa mwaka 2017: watu watano kila upande, wanawake kwa wanaume pamoja, mpira wa raba unaupiga kwa kiganja. Gongo hakuna, glavu hakuna, hata uwanja wa mpira wa kikapu unatosha. Ukawekwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar ya 2026. Besiboli na softiboli zenyewe zilikosekana Paris 2024 na zimepangwa kurudi Los Angeles 2028. Kwa mtoko wa wapenzi Jumapili asubuhi, huo mpira wa raba ni rahisi kuliko chips kuku na soda mbili Masaki, na mtaongea zaidi.

Na mama mkwe? Baada ya kile kikao wiki tatu hakusema neno. Mume wangu alimpelekea majibu ya daktari mwenyewe, walifunga mlango, sijui waliongea nini. Nilichokiona ni kwamba wifi mkubwa alipoanza tena habari ya watu wanasema, mama alimwambia akaangalie maharage jikoni, na hakukuwa na maharage jikoni.

Mwezi uliopita akaja uwanjani. Hakutuambia. Niliona bajaji inasimama, anashuka na buibui lake jeusi na chupa ya chai, akakaa benchi la chini ya mwarobaini. Baada ya mizunguko miwili nikaenda kumsalimia. Nikambusu mkono.

"Hawa waliokaa hapa wanangoja nini?" akauliza.

"Zamu yao, mama."

"Na huyo mwanangu mbona kapiga kidogo tu makusudi, akatolewa, na nyie mnampigia makofi?"

Nikamweleza. Kuna kupiga kwa kujitoa. Mpigaji anagusa mpira kidogo, anajua kabisa yeye atatolewa, lakini mwenzake aliyekuwa kituo cha pili anapata nafasi ya kufika cha tatu. Kitabuni haimharibii hesabu yake, ina alama yake pekee.

Akafikiri. "Aliyekuwa kituo cha pili ni nani?"

"Mimi, mama."

Akanimiminia chai, sukari imezidi kama kawaida yake. Alikaa mpaka mwisho. Wakati wa kuondoka alisema tu kwamba benchi lile linaumiza mgongo, Jumapili ijayo tupitie kwake tumbebee kiti chake.